Mizani ya Rehani

Mwaka mzima nimenunua magari kichwani.
Kila pikapu ipitayo mjini Malindi
naitazama nyuma kwanza, si usoni,
kama mchumba atazamaye visigino.

Farasi ninaye. Mwajiri wangu alipofunga hoteli
alirudi kwao na mishahara yangu ya miezi saba,
akaniachia jike la kahawia, jino moja bovu,
na tela lililoota majani sakafuni.
Nikamwita Rehani. Hajaja mtu kumkomboa.

Daktari wa meno ya farasi yuko Kilifi.
Kilifi si mbali, ukiwa na gari.
Ukiwa na farasi bila gari, Kilifi ni ng'ambo.

Nikaenda na Ngowa, fundi wa Barani.
Gari la kwanza jeupe, viti vya ngozi.
Muuzaji, Bwana Faizi, akalipiga boneti kofi:
"Hili litavuta nyumba, seuze farasi!"
Ngowa akauliza: "Na likishaivuta nyumba,
litaisimamishaje?"

Faizi akacheka. Ngowa hakucheka.
Akalala chini na shati lake la kanisani,
akagonga fremu kwa bisibisi: ti, ti, ti,
kisha pu.
Kutu, imepakwa rangi.
Hewa ya chumvi haina haraka, hula kutoka ndani.

La pili lilikuwa la mwalimu, dogo, safi,
limetunzwa kama daftari la mtihani.
Nikalipenda. Ngowa akapima kwa hatua
tairi la mbele hadi la nyuma.
"Fupi. Rehani akigeuza shingo tu,
utaanza safari ya Kilifi
uimalize ukiitazama Malindi.
Kwani ana kilo ngapi?"

Sikujua.
Miaka minane namsugua, namlisha,
najua anachukia mlio wa bati,
najua sikio lake la kushoto
husikia pikipiki kabla yangu. Kilo sikujua.
Tukampima kwa kamba, kifua na urefu,
Ngowa akazidisha ukutani kwa mkaa:
mia nne na sabini. Tela lenyewe mia tisa.
Kumbe nilikuwa natafuta gari la mapenzi,
na mapenzi hayaandikwi
kwenye kibati cha mlangoni.

La tatu tulilikuta Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi:
Isuzu ya dizeli, buluu iliyochoka,
mlango mmoja kijani, wa gari jingine.
Lakini mwili mrefu, springi nene,
kulabu imeshikana na fremu, si na bampa.
Mwenyewe, Bi Mbodze, hakulisifia.
"Kupanda, linapanda polepole.
Kushuka, linashuka polepole."

Tukapakia magunia kwenye tela lake,
uzito wa Rehani na wa wasiwasi wangu juu yake,
tukaelekea daraja la Sabaki.
Mteremkoni Ngowa akasema, "Sasa."
Nikakanyaga.
Mbuzi waliokuwa barabarani
hawakuinua hata vichwa.

Nililipa nusu. Nusu nyingine
Bi Mbodze aliiandika kwenye kitabu cha chumvi,
chini ya jina langu, kwa wino mwekundu.

Alfajiri ya Jumanne Rehani aliingiza mguu mmoja,
akautoa, akanusa kulabu,
akaingia.
Kufika Gede nikaanza kumsikia usukanini:
uzito ukihama, kushoto, kulia,
kama mtu aliyekosa usingizi
anavyogeuka upande wa pili wa kitanda.
Malori yalinipita yakipiga honi. Yakapita.

Daktari alilitazama jino,
kisha akautazama ule mlango wa kijani,
akauliza kama nauza.
Sikumuuliza kipi kati ya viwili.
Nikasema, ngoja kwanza nimalize kulipa.