Meno ya Kondoo

Laki tisa na nusu. Nimezihesabu mara tatu juu ya cherehani,
noti za tugriki zilizolainika kama kitambaa cha bitana.
Ni majoho manne niliyoshona kwa sikukuu ya Mwezi Mweupe,
na kola ya tano ambayo mwenyewe hajaja kulipa.

Dulguun anataka kadi ya michoro.
Si ya michezo, mama, anasema,
nami naitikia kama anayeamini.
Anaumba farasi ndani ya kompyuta, farasi mmoja tu, tangu vuli,
na kila akimwamuru akimbie, skrini huganda.
Ilianza kuganda kabla ya mto Tuul.

Jana usiku alinitajia mahitaji niandike,
maana mali bila daftari hupotea bila habari:
kumbukumbu, giga nane kwenda juu;
umeme, boksi letu linahimili wati mia nne na hamsini;
urefu—
hapo nikamwambia nyamaza,
nikavua futi yangu shingoni
nikapima tumbo la kompyuta kama ninavyopima kiuno cha bwana harusi.
Sentimita ishirini na sita, bila kuvuta pumzi.

Sokoni, ghorofa ya tatu, miwani ilishika ukungu;
nje kulikuwa hasi ishirini na saba.
Kadi ya kwanza ilikuwa na feni tatu na taa za harusi,
bei yake farasi na tandiko lake.
Tukapita.
Ya pili mpya, bado na nailoni yake, ndani ya uwezo wetu,
giga nne.
Dulguun aliishika kwa adabu, akairudisha:
hii itazeeka kabla sijahitimu.

Ya tatu haikuwa na boksi.
Sukhee, muuzaji mwenye jino la fedha,
aliitoa kwenye soksi.
Ilikuwa ya msichana wa shule, akasema,
kazi za nyumbani tu.
Giga kumi na mbili. Laki saba na themanini.
Macho ya mwanangu yakawaka, nikamkanyaga mguu:
hajui kwamba uso nao hupandisha bei.

Mama yangu hakuwahi kununua kondoo bila kumfunua midomo.
Mwenye kondoo atakuapia ana miaka miwili;
meno hayana undugu na mwenye kondoo.
Nikaomba tochi.
Nikakagua safu ya meno ya dhahabu kwenye ukingo,
nikapuliza feni, zikazunguka bila kukwaruza,
nikanusa mgongo.
Ulinuka vumbi lililopikwa muda mrefu.

Huyo msichana, nikauliza, alikuwa halali?

Sukhee akacheka, kisha akaacha.
Ilichimba sarafu, akakiri. Miezi minane, ghalani, kule Darkhan,
mchana na usiku, na wenzake arobaini.

Dulguun alikwisha geuka kuondoka.
Mimi sikugeuka.
Mimi pia nimefanya kazi mchana na usiku,
na mshono wangu bado umenyooka.
Iwashe, nikasema. Nusu saa. Tutasimama hapa hapa.
Nyuzi sitini. Sitini na nane. Sabini na moja,
ikatulia hapo kama mnyama aliyeizoea njia.
Laki saba na thelathini, nikasema,
na soksi ubaki nayo.

Nyumbani, ndani ya hema letu la manyoya,
iliingia, ikabaki nafasi ya kidole kimoja.
Farasi akakimbia.
Mguu wake wa nyuma ulizama ardhini kila hatua ya tatu;
hilo kosa langu, Dulguun akasema, si la kadi.
Niliweka kiganja nyuma ya kompyuta, nikakuta hewa ya moto,
nikasogeza pale buti zangu zilizolowa.

Daftarini: kadi, laki saba na thelathini.
Makaa, mifuko kumi na mitano.
Kola ya tano, bado.