Barua Ndani ya Kabati la Pampu ya Tatu

Wewe utakayefungua mlango huu baada yangu,
zima kwanza. Halafu ngoja dakika kumi.
Draivu hii huficha umeme kifuani
kama mtu aliyetukanwa harusini:
kimya, anatabasamu, anangoja umguse.

Mimi ni Mbeyu wa Changawa, fundi,
mashamba ya chumvi, Gongoni, zamu ya usiku.
Naandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya stoo.

Pampu hii ilikula beringi tatu kwa mwaka.
Ilianza kwa mluzi mwembamba,
kisha sauti ya mtu anayetafuna mchanga.
Nikafungua: ndani ya chuma laini
mistari imejipanga kama ya daftari la shule,
ila hakuna mwalimu aliyeichora.

Bwana Mwinyihaji wa manunuzi akasema, grisi mbovu.
Tukabadili grisi.
Akasema, mota imechoka. Tukabadili mota.
Na kipima kina kikawa kinaota mchana:
pampu ikikaza mwendo, kinasema bwawa limefurika,
nami nimesimama bwawani humo
maji hayajanifika kifundo.

Sikugundua kwa akili. Niligundua kwa redio.
Mlinzi Thoya alikuwa akisikiliza mpira,
pampu ikawaka, mtangazaji akamezwa na nyuki.
Nikaiazima, nikaifuata kelele
hatua kwa hatua, hadi kwenye kebo:
mita arobaini kutoka hapa hadi kwenye mota,
imevaa plastiki tu, uchi.

Umeme wa nyumbani hutembea.
Huu wa draivu umekatwakatwa, unaruka,
maelfu ya mara kwa sekunde,
na kila arukaye hutafuta njia ya kurudi.
Usipompa, atajipa:
atapita kwenye shafti, atapita kwenye beringi,
atapita kwenye goli la timu ya Thoya.

Nikaenda Malindi mjini, duka la Taherali.
Akanikatia kipande nikichungulie.
Nyuzi tatu nene, na katikati yao
nyaya tatu nyembamba za ardhi,
kila moja na majirani wake, hakuna aliyependelewa.
Juu yake karatasi ya shaba.
Juu yake tena, shaba iliyosukwa.
Nilicheka peke yangu dukani.
Ulikuwa ukili!
Mama angeukagua kwa kidole gumba,
msuko umekazwa, haupitishi mwanga,
angeuliza tu kwa nini miyaa ni mizito.

"Mara tatu ya bei," akasema Mwinyihaji.
Nikamwambia rahisi huvunja upishi.
Akasema methali haina risiti.
Basi nikaziweka beringi tatu juu ya meza yake,
juu ya karatasi zake nyeupe.
Alitia sahihi huku akifuta grisi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi huharibu.
Usiisokote ngao ikawa mkia
ukaufunga kwa skrubu moja.
Mkia ni mlango mwembamba, na wanaokimbia ni wengi.
Ikumbatie nzima, mzunguko kamili, kwa glandi ya shaba,
chuma kwa chuma.
Kwangua rangi ya kabati. Ndiyo, rangi mpya. Kwangua.
Kisha ziba kwa grisi, chumvi isikutangulie.
Huku, na kule kwenye mota vilevile:
ngao iliyoshikwa upande mmoja
ni doti iliyopotelewa na kanga ya pili.

Waya wa kipima usiulaze naye kitanda kimoja.
Shibiri mbili kati yao.
Wakilazimika kukutana, wapishane msalaba,
wasalimiane, waachane.

Miezi tisa sasa. Beringi haijapiga mluzi.
Sisemi itadumu; chumvi haikusoma kitabu cha kiwanda.
Jana Thoya alininunia:
redio ni safi, kila neno lasikika,
timu yake imefungwa mbili
na hana tena wa kumlaumu.

Spana namba kumi na tatu iko juu ya kabati.
Ni yangu. Irudishe.