Vipimo Vinne

Nilimnakilia nota miaka kumi na tisa,
kwa hiyo msinisimulie Idwal Treharne alikuwa nani.
Nazijua nota zake: kichwa kinene, mkia umeinama
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

Alianzia Merthyr, kwenye kinanda cha kanisa,
babake akimfungia vipande vya mbao viatuni
ili miguu ifikie pedali.
Baba alichimba makaa, na alikohoa kwa mapigo matatu;
walzi, alisema Idwal, nilijifunza usiku
kupitia ukuta.

Kisha jukwaa: wiki Cardiff, wiki Bristol,
treni ya Jumapili, masanduku ya mavazi
yananuka jasho na kafuri.
Waimbaji walimwogopa, na hakuwahi kufoka.
Alikiacha kifimbo hewani, akangoja
mpaka aliyekosea ajijue.

Halafu wakatundika shuka jeupe palipokuwa na pazia,
wakamwambia: jaza kimya.
Mkanda ulifika saa nne, onyesho saa nane,
katikati yake chai iliyopoa na daftari lake:
Farasi, haraka. Mjane. Moto, ila si mkubwa.
Tulikuwa kumi shimoni, mimi fidla ya pili,
tunamtazama yeye, yeye anatazama juu,
shingo ikapinda hata mezani.

Siku moja mkanda ulikatika.
Mwanamke alikuwa ameshika kitasa cha mlango, akatoweka.
Ukumbi ukapiga miluzi, mtu akarusha ganda la chungwa.
Treharne hakusimama. Alituzungusha
katika vipimo vinne vilevile, dakika saba,
kila mzunguko polepole zaidi,
filimbi ya Enoch Bevan ikienda mbele kama taa,
mpaka miluzi ikaona haya.
Mwanamke aliporudi na kuufungua mlango
tulikuwa tumefika naye.
Mzee wa safu ya mbele alivua kofia. Sijui kwa nani.

Kisha picha zikajifunza kusema.
Bwana Hallett, mwenye jumba, alileta barua kumi,
akazipanga juu ya piano kama sahani.
Ya kumi na moja haikuwepo: London walimtaka.
Chanda chema huvikwa pete, tulisema,
nasi ni vidole kumi vilivyobaki.
Alikwenda. Siyapambi maneno.
Enoch aliuza soksi mlango kwa mlango.
Ndugu wa Rosser waliuza fidla moja,
wakapiga iliyobaki kwa zamu.

Kule walimwekea saa ukutani.
Sekunde ishirini na mbili na nusu, Bwana Treharne.
Walimkata kwa mkasi, wakambandika kwa gundi.
Jina lake lilipita chini ya msuka nywele,
nami nikakohoa, nikalikosa.

Lakini nota alinitumia kwa posta,
maana wanakili wa London walimnyoosha mikia.
Ndipo, katika filamu ya wezi na lulu,
mahali pasipo na mlango wala mwanamke,
nikavikuta vipimo vinne.
Fidla zipo. Selo ipo.
Kwenye mstari wa filimbi ameandika kimya, kimya,
kimya, kimya,
na pembeni, kwa penseli: Enoch.

Jina sikulinakili.
Vimya nilivinakili vyote, kwa wino mweusi, kwa saizi yake.
Malipo yalikuja wiki iliyofuata,
yamepungua shilingi moja.