Sare

Shule zafunguliwa kesho kutwa,
nami nina sketi thelathini na nane za marinda hazijaona pasi,
vifungo kwenye kopo la maziwa ya unga,
na cherehani inayokohoa kila nikifika kwenye upindo.
Hapa Guraya, saa tisa na ushei za usiku,
wanaume watatu wamekaa kibarazani pangu
wakiangalia Wamarekani wakigombea yai.

Nasema yai, Shebwana akasirika.
"Ni mpira."
Mpira gani washikwa kwa mikono,
wakumbatiwa kama mtoto mwenye homa,
na mguu wauona mara mojamoja, kama mgeni wa Idi?
Yeye aliujulia Baltimo, alipokuwa mpishi melini.
Meli ikashikwa kwa deni miezi mitatu,
akawa hana kazi ila kumenya viazi na kutazama.

Sasa ni ishirini kwa ishirini.
Muda umekwisha, wameongezewa dakika kumi.
Refa arusha sarafu.

Hapo ndipo usingizi ulipohama mtaani.

"Zamani," asema Shebwana, "aliyepata sarafu alichukua mpira.
Akifika nao mwisho wa uwanja, basi. Watu wakalale."
"Na yule mwingine?" auliza Feruzi.
"Yule mwingine angezuia."
"Angezuia! Mtu hajaonja chungu, aambiwa karamu imekwisha,
angezuia nini, mwiko?"
Feruzi ni wa winchi, Kilindini.
Ovataimu yake hulipwa moja na nusu,
kwa hivyo aamini kila saa ya ziada ina mwenyewe
na karatasi ya kutia saini.
Asema sheria mpya ndiyo haki: kila upande uguse mpira,
kisha ndipo mjuane.

Mwalimu Tsuma amenyamaza kitambo, achokoa meno.
"Mimi naona waachwe. Sare nayo ni matokeo.
Watu wamevunjana mbavu saa tatu, hakuna aliyemweza mwenziwe;
mwataka sarafu iseme neno gani mifupa ilishindwa?"
"Sare," asema Shebwana, "ni nikahi bila bibi harusi."

Hakuna aliyeniuliza mimi,
mshona sare wa mtaa mzima.

Nami hapa magotini nina kitambaa cha Bi Nyevu,
buluu iliyoiva, cha Mtaa wa Biashara,
kimepimwa kwa jicho la bahili.
Sketi moja. Ya Mwanaidi, kwa kuwa ndiye mkubwa.
Riziki atavaa ile ya mwaka jana ya dadake,
kama alivyovaa ya mwaka juzi.
Ana miaka minane, hajajua
kitambaa kinanukiaje kikitoka dukani.
Sarafu yake ilirushwa siku aliyozaliwa
ikaangukia kwingine.

Basi nikakata.
Nikaiba upindo, nikabana rinda hapa, kiuno kule,
nikaunga mkanda kwa kipande cha sketi
ya mtoto waliyehama naye Voi bila kuja kuichukua.
Hayo msimwambie mtu.
Muda wangu wa ziada haulipwi na yeyote,
labda ndiyo maana naugawa nipendavyo.

Nje, dakika kumi zikaisha.
Kila upande uligusa, kila upande ukapata tatu.
Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu.
Majitu yale yakapeana mikono
kama watu waliouziana gari bovu.
Shebwana akaizima televisheni kwa kidole cha hasira.
"Usiku kucha, kwa sare!"
Tsuma akacheka mpaka akapaliwa.
Feruzi akauliza kama kuna chai.

Nilikuwa nakata uzi wa mwisho.
Sketi mbili juu ya meza, mpya zote mbili,
na si sawa, mimi nazijua:
moja ina marinda kumi na mawili, moja kumi na moja.
Bi Nyevu akija nitamwambia kitambaa kilitosha.
Nani atahesabu?

Riziki, huyo, atahesabu.
Nimemwekea ile ya kumi na mawili.