Viti vya Chekechea

Jumatano, saa tisa, chekechea ya Muyeye imeshafungwa,
na sisi watu wazima tumekalia viti vya watoto,
magoti yamefika kidevuni
kama tulioitwa na mwalimu mkuu.

Kwenye daftari nimeandika: Mada ya leo, haki ya matunzo.
Nimeipigia mstari kwa rula.
Nina fomu arobaini na kalamu tano,
mbili hazitoi wino.

Fomu inauliza: Jina la mkuu wa kaya.
Mbeyu ananyanyua macho, anatazama mlangoni
kana kwamba mkuu wa kaya kachelewa tu,
yuko nje anavua viatu.
Miaka sita sasa.
"Andika lako," namwambia.
"Kwa kalamu," anauliza, "au kwa penseli?"

Niliwahi kumtembelea, kichochoro cha nyuma ya kinu.
Nilipiga hodi na kijitabu cha bajeti ya nyumbani,
jaladani baba, mama, watoto wawili,
wote wana meno meupe.
Mbeyu alikipokea kwa mikono miwili,
akakifunikia sufuria ya maharagwe.
"Karatasi nzuri hii, haipitishi vumbi."
Hiyo ndiyo bajeti niliyofundisha siku ile.

Mwanaesha naye hataki kusikia ofisi ya watoto.
"Nikimshtaki, mamake nitamtazama kwa jicho gani?
Ndiye anayekaa na huyu mdogo
nikienda kufua mashuka ya wageni."
Napekua. Kijitabu kinasema: kitambulisho,
cheti cha kuzaliwa, nakala mbili.
Hakina ukurasa wa mama mkwe
anayekuachia uji kwenye chupa ya chai
na kuondoka kabla hujamshukuru.

Kiti cha nyuma kabisa ni cha Tsuma, fundi baiskeli,
mwanamume peke yake,
grisi ya vidoleni haijui sabuni wala limau.
Mara tatu amekuja, mara tatu hakusema neno.
Leo ananyosha mkono kama mwanafunzi.
"Mimi matunzo sina wa kumdai,
tumemzika Barani.
Nataka kujua tu, nywele hugawanywaje?
Sidi karudishwa nyumbani,
mwalimu kasema kile kichwa ni msitu."

Hakuna aliyecheka.
Kisha tukacheka wote, yeye wa kwanza.

Sidi akaitwa kutoka kwenye bembea,
akakalishwa katikati, mchanga miguuni.
Mbeyu akatoa kitana mkobani.
Mwanaesha akasema si hivyo, anzia kisogoni,
mbona unashika kama unavuta kamba ya kisima?
Na vidole vile, vinavyokaza spoki thelathini na sita
bila kuangalia,
vikatetemeka juu ya utosi wa mtoto wa miaka saba.
"Polepole, baba. Mimi si gurudumu."

Ni hapo, macho yakiwa kwenye nywele,
ndipo Tsuma alipofungua mdomo kwa Mwanaesha:
usiende Ijumaa, foleni ni ndefu;
dirisha la pili yuko mama mmoja mwenye miwani, husikiliza;
na kabla hujaenda, mwambie huyo bibi mwenyewe,
asije akasikia kwa watu.
Nikaandika yote.
Mada yangu ikabaki juu, na mstari wake ulionyooka.

Saa kumi na moja nikakusanya fomu.
Mbeyu ameandika jina lake kwa penseli.
Nimemwachia.

Na mimi, ambaye sikuwaambia kitu,
nilinyolewa kipara kila mwisho wa mwezi
mpaka darasa la sita.
Baba alinikalisha ngazini, akatia wembe majini,
akapuliza kichwa changu alipomaliza.
Nilidhani ni adhabu, sikujua ya kosa gani.
Leo nimepanga viti, kimoja juu ya kingine,
nikakibakisha kimoja sakafuni,
nikasahau kwa nini nimekishika.