Rasimu ya Nne

Miaka thelathini na moja, kaka,
umefundisha jinsi mataifa yanavyopatana:
nani alitangulia kuketi, nani alikataa chai,
wino wa nani ulikauka kabla ya sahihi.

Umestaafu. Treni imekushusha Kigoma
na makasha kumi na tisa
ya mikataba ya watu wengine.

Ugomvi wetu ni michikichi mitatu tu, pale Gungu,
tangu matanga ya baba.

Ulimtuma dada Domitila na rasimu,
ya nne hiyo, ina vifungu na viambatisho.
Niliifungia dagaa.

Jana ukaja mwenyewe, mikono mitupu,
ukauliza kama mawese yameiva jikoni.
Nikakusogezea kigoda, kile kibovu.

Ukaketi.