Kiuno cha Mwanza

Miaka ishirini na saba nimezungusha futi
kwenye viuno vya watu pale Mabatini,
nikisema pumua, usijibane, mimi si mzani.
Mwaka huu magoti yakaanza kulia kuliko cherehani.
Daktari akasema: tembea.
Nikamwambia wifi yangu Mhoja:
kama ni kutembea, basi tupime kiuno cha jiji.

"Kwa Jumapili ngapi?"
"Mteja mnene hapimwi kwa mkupuo."

Tukaanzia Luchelele, miguu majini,
maana Mhoja anaamini safari isiyolowa haina mwanzo.
Nyegezi tulifika na malengelenge mawili, yote yake.
Nikachora alama kwa chaki ya bluu,
ile ya kukatia suti,
kwenye jiwe lililojikunja kama kuku anayeatamia.
Tutaanzia hapa. Tukarudi kwa bajaji.

Mkolani, Buhongwa. Ng'ombe wanavuka lami
kama watu wasiodaiwa.
Kijana wa bodaboda: "Mama, mnakwenda wapi?"
"Tunazunguka."
"Mnazunguka nini?"
"Wewe."
Akazima pikipiki, akatutazama mpaka tukapotea.

Jumapili ya tatu mvua. Nilishona sare za kipaimara.

Kuelekea Kishiri njia si njia:
ni mfereji wa mvua ya jana,
ni uzio wa katani uliopandwa juzi,
ni bikoni, na kando ya kila bikoni
ndugu wawili wasiosalimiana.
Giza likatukuta. Nikachora bluu
kwenye jiwe kubwa kama fahali,
nikasema hili halihami.

Lilihama.

Wiki iliyofuata palikuwa na shimo,
na turubai, na mama mmoja, Milembe,
ameketi juu ya kandambili zake, nyundo mkononi.
"Mwangaluka."
"Mwangaluka. Lile lenye rangi? Nimelimaliza Jumatano.
Lilikuwa gumu kama mkwe.
Limekwenda Buswelu, ndoo arobaini,
msingi wa mtu simjui."
Mhoja alikaa chini kucheka. Mimi sikucheka.
"Sasa tutaanzia wapi?"
Milembe akapekua chungu la kokoto
taratibu, kama anayechambua mchele wa mgeni,
akaniwekea kiganjani kipande kimoja
chenye bluu ya ukubwa wa ukucha.
"Anzieni hapa. Mkichoka, anzieni popote."

Tangu siku hiyo mwanzo wetu ulikaa mfukoni.

Igoma, Nyamhongolo, kisha Buswelu:
nyumba hazina madirisha, nondo zimesimama
kama nywele za aliyeamshwa usiku.
Niliinama kwenye kila msingi kama mkaguzi.
Fundi mmoja akauliza nimepoteza nini.
Ningemjibuje?
Jiwe likishaingia kwenye zege halijibu jina lake.

Kiseke. Halafu Jumapili mbili za kusuasua,
kisigino cha Mhoja kimefungwa kipande cha kitenge,
halafu Igombe, na mchanga, na dagaa walioanikwa
waking'aa kama pini zilizomwagika.
Mbele yetu maji. Hakuna pa kuchora.
Kutoka pale hadi Luchelele, yote maji.

"Kwa hiyo kiuno ni ngapi?" Mhoja akauliza.
Nikatoa boksi la uzi nililoandikia hatua.
Ile ya Buhongwa nilikuwa nimekwishaikata:
tulipita tena kwa msiba, na nyumba
zilikuwa zimeivuka alama yetu, zina mapazia.
Mteja hakusimama hata siku moja.
Na futi haikukutana ncha kwa ncha.

Tulinunua dagaa wa mia tano,
tukala wakavu, wenye mchanga kidogo.
Nguo ya mtoto anayekua, nikamwambia,
huibani. Unamwachia pindo.
Mhoja akatazama ziwa, akatafuna.
"Pindo kubwa hili," akasema. "Atakua mpaka lini?"

Kokoto liko mezani kwangu.
Linakandamiza kitambaa upepo ukipiga
na linaacha, kila mara, bluu kidogo
kwenye nguo za watu.